Timu iitwe jina la mji, jina la mkoa, au msiguse kabisa? Mwongozo kamili

Hili swali likiletwa kwenye kikao cha timu huwa linapita chapchap sana, mmoja anatupa jina, wawili wanaitikia, mwenyekiti anasema haya tuendelee na ajenda ya jezi, imeisha. Afu inapita miaka kadhaa mnahama uwanja, au anakuja mtu mwenye hela zake na masharti yake, au timu ya jirani inadai lile jina ni la kwao toka zamani, hapo ndo mnaanza kutafuta ile karatasi ya kikao na karatasi yenyewe haipo.

Msimamo wangu naumwaga mapema. Ndio, timu nyingi zinafaa kubeba jina la mahali. Ila mahali penyewe pawe ni pale ambapo watu tayari wanajitaja kuwa wa pale bila kuambiwa na mtu, sio pale ambapo uongozi unapatamani kwa sababu panasikika pakubwa. Tukishakubaliana hapo tuanze kazi.

Kwanza: timu ni ya nani?

Msianze na jina, anzeni na watu. Chukueni karatasi muandike nani anakuja kwenye mechi, wanatokea wapi, wachezaji wanaishi wapi, anayelipia mipira na usafiri ni nani. Ukiona robo tatu ya watu wanatoka kwenye kata mbili tatu zinazopakana, nyie ni timu ya mtaa hata kama ndoto zenu ni za kitaifa. Ukiona mmoja katoka mashariki mwingine magharibi na kinachowaunganisha ni kazi, chuo au ushabiki wa mchezo wenyewe tu, jina la mahali linaweza lisiwasaidie chochote.

Na sio lazima liwepo. Juventus wapo Turin toka 1897 na jina halina Turin ndani yake, na mashabiki wao wametapakaa Italia nzima. Arsenal nao walikuwa Woolwich Arsenal, wakavuka mto kwenda kaskazini mwa London 1913, mwaka uliofuata Woolwich ikatupwa, na hamna mtu anayelala macho kwa ajili hiyo. Kwahiyo kama uwanja wenu ni wa kupanga na mnajua kabisa mnaweza kuhama muda wowote, jina lisilo na mahali ni uamuzi wa akili tu, sio uoga.

Pili: jaribio la "wewe wa wapi?"

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, manake wengi wanaruka.

Toka nje muulize watu ambao HAWAJUI kama kuna mjadala wa jina. Usiwaulize "mnaonaje tukiitwa hivi", wataitikia ili waondoke. Uliza tu wewe ni wa wapi, afu nyamaza. Andika neno la kwanza linalotoka. Uliza wazee, uliza madogo, uliza wa upande wa pili wa barabara. Baada ya hapo uliza swali la pili: ukiwa umesafiri mbali na mtu akakuuliza hivyohivyo, unajibuje? Mara nyingi jibu la pili ni pana kuliko la kwanza, na jina la timu yenu liko katikati ya hayo majibu mawili. Neno ambalo halijatoka mdomoni mwa mtu yeyote, hata kama lipo kwenye ramani ya serikali, lifuteni.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao ni raga ya Wales. Mwaka 2003 chama chao kiliamua klabu za kulipwa ni nyingi mno, kikaunda timu tano za kanda. Kwenye makaratasi ilikuwa safi kabisa. Shida ni kwamba watu walikuwa wa Pontypridd, wa Bridgend, wa Neath, wa Swansea, sehemu ambazo zimekuwa zikipigana uwanjani vizazi na vizazi, sasa unamwambia mtu kuanzia leo wewe na adui yako mnashangilia kitu kimoja. Celtic Warriors, iliyotokana na Pontypridd na Bridgend, ilicheza msimu mmoja tu ikafungwa. Waliounganisha majina mawili kwa mstari katikati, Neath-Swansea Ospreys, baadae wakabaki Ospreys. Newport Gwent Dragons wakawa Dragons 2017. Na Cardiff Blues 2021 wakarudi kuitwa Cardiff Rugby.

Sasa linganisha na majirani zao wa Ayalandi. Munster, Leinster, Ulster na Connacht nayo ni majina ya kanda, tena kanda kubwa, lakini yanabeba. Kwa nini? Kwa sababu zile kanda ni za kale, na timu zake zilikuwa zinachezeana muda mrefu kabla raga haijawa mchezo wa kulipwa mwaka 1995. Munster walishawafunga All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, 12-0 mwaka 1978, wakati mishahara ilikuwa haipo hata kwenye mawazo. Pesa zilipofika zilikuta jina limeshajaa. Kwahiyo mtu akikwambia "kanda hazifanyi kazi" mwambie sio kweli, kanda iliyochorwa ofisini juzi ndo haifanyi kazi.

Tatu: ukubwa wa jina

Mkishapata majibu mtakuwa na machaguo matatu hivi, mtaa, mji, au mkoa/jimbo.

Mtaa una joto kuliko vyote. Watu wanasema mtaa unawafunga msikue, mimi sikubali. Everton ni jina la kitongoji tu cha Liverpool, na toka 1892 mpaka 2025 walikuwa wanachezea Walton, mtaa mwingine kabisa, na bado wakawa wakubwa. Kule Japani kuna Urawa Red Diamonds, mji wa Urawa wenyewe uliunganishwa na wenzake 2001 ukazaliwa mji mpya wa Saitama, timu ikabaki na Urawa yake. Nadhani hata ingekuwa ujinga kubadilisha, kwa sababu sasa hivi timu ndo inalinda lile jina kuliko serikali.

Mji ndo chaguo la kawaida na kama hamna sababu ya kukataa chukueni huo. Unaeleweka, mgeni anajua aende wapi, na matokeo yakitangazwa redioni hamna anayeuliza hao ni wa wapi. Angalieni kitu kimoja tu, kama mji una timu nyingine kubwa yenye jina hilohilo mtaishi kama wadogo zao mpaka mwisho. Manchester ina United na City kwa sababu zote mbili zina miaka mingi, nyie mkija leo na neno la tatu mtaonekana tawi.

Mkoa au jimbo unafaa kwenye hali moja hasa: miji miwili inayochukiana na timu moja inayohitaji hela za wote. Minnesota Twins ndo darasa hapa. Timu ya beisboli ilihama kutoka Washington 1961 ikaenda eneo la Minneapolis na Saint Paul, miji miwili inayotazamana na isiyopendana kwenye mambo ya michezo. Ukichagua mmoja umepoteza mwingine. Wakachukua jina la jimbo, na hilo "mapacha" likawagusa wote wawili, kofia ikaandikwa TC kwa maana ya miji pacha. Texas Rangers, 1972, hali ni ileile, uwanja upo Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth. Tampa Bay wao wamechukua jina la ghuba, maji kabisa, kwa hiyo mji wowote unaozunguka ghuba unaweza kusema ni yetu. Mjanja sana yule aliyefikiria.

Ila jina kubwa lina deni kubwa. Ukijiita la jimbo zima, mtu wa pembe ya mwisho ana haki ya kuuliza mbona hamjawahi kuja kucheza kwetu, mbona majaribio ya vijana mnafanyia mjini tu. Florida Marlins, nao wa beisboli, walianza 1993 na jimbo lote jina lao, 1998 ikaja timu nyingine ya ligi kuu upande wa pili wa jimbo, na kufika 2012, walipopata uwanja mpya, wakawa Miami Marlins. Miami iliingia na uwanja wake, ikataka jina lake. Haki yao.

Kuna na lile jaribu la kujiita kwa jina la mji wa mbali wenye sifa. Simba wa Dar es Salaam mpaka 1971 walikuwa wanaitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza. Fikiria leo hii watu uwanja mzima wanaimba Sunderland. Hapana.

Na jambo jingine la kuangalia, jina la eneo lisigeuke kuwa jina la kabila au dini ya watu wa pale. AFC Leopards walianza wakiitwa Abaluhya, likaja agizo la serikali ya Kenya la kuondoa majina ya kikabila kwenye klabu, mwaka 1980 wakawa Leopards. Hata pasipo na agizo, jina la namna hiyo linamwambia mchezaji mzuri wa upande mwingine kwamba hapa ni mgeni.

Nne: kanuni za ligi, kabla hamjachapa hata tisheti moja

Someni kanuni. Najua zinachosha. Kuna ligi zinalazimisha jina la mahali na kuna ligi hazijali kabisa. Ligi ya soka ya Japani ilipoanza 1993 ilitaka klabu zivue majina ya kampuni zijifunge na jamii ya pale zilipo, ndo timu ya Mitsubishi ikawa Urawa na ya Nissan ikawa Yokohama Marinos. Lakini nchi hiyohiyo, kwenye beisboli, kampuni zinatawala mbele ya jina, na wengine wameamua kuweka vyote, Hokkaido Nippon-Ham Fighters, kisiwa na kampuni kwa pamoja toka walipohamia kule 2004. Refu kama treni ila linafanya kazi.

China nao 2021 walifuta majina ya kampuni kwenye klabu za soka, Guangzhou Evergrande ikawa Guangzhou FC. Jiangsu Suning, ambao ndo walikuwa mabingwa wa 2020, wakawa Jiangsu FC na ndani ya wiki chache mwenye hela akafunga duka, timu ikasimama. Hapo utaona kwamba jina la mkoa peke yake haliwalishi wachezaji. Ujerumani wadhamini hawaruhusiwi kukaa kwenye jina, kwahiyo timu iliyoanzishwa 2009 kwa hela za kinywaji cha Red Bull ikajiita RasenBallsport Leipzig, ili herufi RB zibaki. Mashabiki wa timu nyingine mpaka leo wanaikasirikia.

Kwenye kanuni tafuteni haya: kama mnaruhusiwa jina la mdhamini, nani anaidhinisha kubadilisha jina, mwisho wa kuomba kabla ya msimu ni lini, na kama jina linalofanana na la timu iliyosajiliwa linakataliwa. Vipengele hivyo vinatosha kuwaokoa.

Tano: jina la mji sio mali yenu

Kuna watu wanadhani wakisajili jina basi mji mzima umekuwa wao. Liverpool FC, klabu kubwa namna ile, 2019 waliomba kusajili neno "Liverpool" kama alama ya biashara kwa mambo ya soka, ofisi husika ya Uingereza ikakataa, sababu kubwa ni kwamba hilo ni jina la mahali. Watu wa mji wenyewe walikuwa wameshakuja juu, wauza skafu, timu ndogondogo, kila mtu.

Kwahiyo jina la mahali haliwapi ulinzi mkubwa kisheria. Kinacholindika vizuri ni nembo, na lile neno la pili mnaloongeza. Sajilini hivyo viwili, afu siku hiyohiyo mchukue ekaunti za mitandao na anwani ya tovuti, maana kuna wajanja wanakaa wanasubiri mtangaze jina walichukue wakuuzieni.

Sita: mkataba na halmashauri au mwenye uwanja

Mara nyingi anayewapa uwanja atataka jina lake litajwe. Sawa, ni biashara nzuri. Lakini andikeni kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma, na hapa nawasimulia kisa cha Anaheim kwa kirefu kidogo kwa sababu sijaona kinachofundisha zaidi.

Mji wa Anaheim, California, ulikubaliana na timu ya beisboli ya Angels mwaka 1996: mji unatoa dola milioni 20 kwenye ukarabati wa uwanja, timu inaweka Anaheim kwenye jina. 1997 wakawa Anaheim Angels, wote furaha. Timu ikauzwa 2003, mwenye timu mpya akawa anataka soko la Los Angeles ambalo ndo lina watu na matangazo ya TV. Januari 2005 wakatangaza jina jipya: Los Angeles Angels of Anaheim. Miji miwili kwenye jina moja! Mji ukaenda mahakamani. Na mwaka 2006 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani likawapa ushindi timu, kwa sababu mkataba ulisema jina liwe na Anaheim ndani yake, na Anaheim ilikuwemo, pale mwishoni. Hakuna mahali palipoandikwa iwe peke yake au iwe ya kwanza. Baadae hiyo "of Anaheim" yenyewe ikaja kudondoka kimyakimya.

Kwahiyo mkiandika, andikeni jina lote neno kwa neno, mpangilio wake, na kwamba hakuna mahali pengine patakapoongezwa. Andikeni litatumika wapi, kwenye jezi, kwenye tiketi, kwenye msimamo wa ligi. Na kipengele ambacho wengi wanaona aibu kukitaja siku ya furaha: timu ikihama, jina linabaki kwa nani?

Cleveland waliling'ang'ania hilo. Mwenye timu yao ya mpira wa Kimarekani, Browns, alipoamua kuipeleka Baltimore, makubaliano ya 1996 yaliacha jina, rangi na historia yote Cleveland, timu iliyohama ikaanza upya kama Ravens, na Browns wakarudi uwanjani 1999. Seattle nao 2008 walipoteza timu yao ya kikapu kwenda Oklahoma City lakini SuperSonics kama jina halikupakiwa kwenye lori.

Pasipo makubaliano ya hivyo ndo unapata mambo ya Wimbledon. Klabu hiyo ya soka ya London ilipelekwa Milton Keynes 2003, kilomita kibao kutoka nyumbani, mwaka uliofuata ikabadilishwa jina kuwa MK Dons. Mashabiki walikuwa hawajasubiri, 2002 walishaanzisha AFC Wimbledon yao wenyewe wakaanza madaraja ya chini sana kupanda. Vikombe vya zamani na kumbukumbu vikagombaniwa mpaka 2007, MK Dons walipovikabidhi kwa halmashauri ya Merton, eneo ambalo Wimbledon ipo. Ile "Dons" kwenye jina ndo inauma watu mpaka leo, ni jina la utani la waliobaki.

Saba: likite mdomoni

Fupi hii. Simameni sita au saba mpige kelele jina kwa mara kumi. Likiwakata pumzi, halifai. Timu ya magongo ya barafu ya Las Vegas iliyoanza 2017 walikata "Las" wakabaki Vegas Golden Knights, na hamna aliyepotea njia. Angalieni pia herufi tatu zitakazotokea kwenye ubao wa matokeo, kuna vifupisho vinaleta kicheko ambacho hamkukipanga. Lile neno la pili, mnyama au chochote, liwe linaweza kubaki hata mahali pakibadilika. Timu ya kikapu ya Jazz ilihama kutoka New Orleans kwenda Utah 1979 na bado inaitwa Jazz, inachekesha kidogo ila imeshazoeleka.

Nane: kama jina mnalo tayari na mnataka kubadilisha

Kwanza jiulizeni mnatatua nini. Mwenye Hull City, Assem Allam, alitaka iitwe Hull Tigers, akisema "City" ni neno la kawaida mno. Mashabiki wakaja juu, Aprili 2014 chama cha soka cha Uingereza kikapiga kura kikakataa. Angalia kwamba pale hata jina la mji lilikuwa linabaki, kilichoguswa ni neno la pili tu.

Sababu ambazo watu huwa wanazipokea ni zile ambazo ukweli wa mahali umeshabadilika. Mji wa Bangalore kule India ulishakuwa Bengaluru rasmi toka 2014, timu yake ya kriketi, Royal Challengers, wakafuata 2024, watu wakashangilia, wengine wakasema mmechelewa. Golden State Warriors wa kikapu nao wana kisa chao, walikuwa San Francisco, 1971 wakavuka ghuba kwenda Oakland wakachukua jina la utani la California, na 2019 waliporudi San Francisco hawakugusa kitu, lile jina lilikuwa limeshakuwa na maisha yake.

Utaratibu ni huu: itisheni mkutano wa wanachama, sio wa viongozi peke yao, na taarifa itoke wiki kadhaa kabla. Wekeni jina la sasa kama chaguo mojawapo kwenye kura, usipoliweka utaambiwa umeiba. Kura iwe ya siri. Theluthi mbili ni kiwango kizuri, nusu na mmoja inaacha timu imepasuka katikati. Mkishapita, jezi za zamani zisipigwe marufuku uwanjani.

Mkikwama kabisa

Chezeni msimu mmoja bila mahali. Athletics wa beisboli waliondoka Oakland, 2025 wakaanza kuchezea West Sacramento wakisubiri uwanja wa Las Vegas, na wakaamua kuitwa Athletics tu, bila mji wowote mbele. Wenyeji wa Sacramento hawakuipenda hiyo, na nawaelewa, unakaribisha mgeni nyumbani afu hataki hata kutaja kwako. Lakini kwa timu ndogo ambayo bado haijajua itatulia wapi, ni afadhali hivyo kuliko kuchukua jina la mji kwa miezi kumi na mbili.

Mkishaamua, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao ukiwa na tarehe, sababu, na sahihi za waliokuwepo. Nakala moja kwa katibu, moja kwa chama cha ligi, moja kwa mwenye uwanja, na ipigwe picha iwekwe kwenye grupu la wanachama wote.